Ulimi Kwanza, Mti Baadaye: Kujizoeza na Kujirekodi Mitindo ya Yidaki

SWALI: Mimi ni Mkongomani, mzaliwa wa Uvira, na sasa ninaishi Adelaide, Australia. Miaka 3 iliyopita nilinunua didgeridoo, lile bomba refu la mti linalopulizwa na Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, katika duka la zawadi, nikajifunza kwa video namna ya kupuliza bila kukatiza. Nimechoka kuigiza milio ya kangaruu na ndege. Ninataka kujifunza mitindo ya asili ya Waaborijini wa kaskazini, nijirekodi, nijilinganishe na kanda za zamani. Nianzie wapi, nitumie vifaa gani, na je, ninaruhusiwa kuziweka rekodi zangu mtandaoni? Binti yangu wa miaka 11 naye anataka kujaribu.

JIBU: Ndugu yangu, kabla hatujafika kwenye maikrofoni, kuna jambo ambalo huna budi kuliamua, nalo ni mitindo ya nani unayotaka kujifunza. Didgeridoo ni jina ambalo wazungu walianza kulitumia mwanzoni mwa karne ya 20, na wataalamu wengi wanaliona kuwa ni mwigo tu wa mlio waliousikia. Wenye chombo wana majina yao, na kila jina lina upigaji wake. Huko Adelaide unakoishi ni nchi ya Wakaurna, ambao zamani hawakuwa nacho chombo hiki kabisa. Asili ya chombo ni ukanda wa kaskazini, kuanzia Kimberley hadi Ghuba ya Carpentaria, mwendo wa takriban kilomita 3,000 kwa barabara kutoka kwako hadi Darwin. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba anapiga "mtindo wa Kiaborijini", bado hajakuambia kitu, kama vile mtu aliyesema anacheza "ngoma ya Kiafrika".

Kaskazini-mashariki mwa Arnhem Land, eneo la Waaborijini lililo mashariki ya Darwin, wanaishi Wayolŋu, na chombo chao wanakiita yidaki. Upande wa magharibi na katikati ya Arnhem Land chombo kinaitwa mago, na huandamana na nyimbo na michezo ya kunborrk. Eneo la mto Daly lina nyimbo za wangga. Tofauti unaisikia katika dakika ya kwanza. Mpigaji wa yidaki hukaza midomo na, mahali maalumu, huruka ghafla kutoka kwenye mvumo wa chini hadi sauti ya juu, mlio mfupi mkali unaofanana na honi, kisha hurudi chini kabla hujatambua kilichopita. Mpigaji wa mago harushi honi hiyo. Yeye hubaki kwenye mvumo, akiusukuma kwa mapigo laini na kuuchanganya na sauti ya kooni, kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo. Chagua kimoja. Wanafunzi wengi niliowafundisha walikwama si kwa uvivu bali kwa kuchanganya vyote viwili katika zoezi moja, wakaishia na kitu ambacho hakuna mzee wa upande wowote angekitambua.

Mimi ningekushauri uanze na yidaki, kwa sababu Wayolŋu wenyewe wamewahi kuandaa mafunzo kwa ajili ya wageni, lakini hilo litategemea bomba ulilo nalo. Yidaki halisi ni mkaratusi ambao mchwa wameutafuna moyo ukiwa bado umesimama msituni; fundi huugonga shina kwa shoka au kwa ukucha, akasikiliza kama ni mtupu na kwa kiasi gani, ndipo akate. Kwa kuwa tundu la ndani ni kazi ya mchwa, hakuna mbili zinazofanana. Vingi vya madukani vimetobolewa kwa mashine, au mti umepasuliwa katikati, ukachongwa na kugundishwa tena, na mapambo ya vitone yakafunika mshono. Lipime lako hivi: shika mvumo wa chini, kisha kaza midomo taratibu bila kuongeza hewa nyingi, mpaka sauti ya juu itoke. Bomba lenye upana mmoja tangu juu hadi chini hutoa sauti ya juu iliyo mbali mno, oktava moja na nusu hivi juu ya mvumo, na ni kazi kuirukia. Yidaki nzuri hutanuka kuelekea chini, na mtanuko huo huishusha sauti ya juu hadi ikaribie, ikawa rahisi kuifikia na kuiacha. Tazama pia kinywa cha bomba: cha yidaki mara nyingi ni chembamba, sentimita 3 hivi, ili midomo ipate upinzani wa hewa. Kikiwa kipana kama kikombe cha kahawa, utapaka nta ya nyuki kukipunguza, au utaanzia na bomba la plastiki la fundi wa maji la mita 1.3. Usione haya. Hata huko Arnhem Land watu wamepigia mabomba ya maji pale mti mzuri ulipokosekana.

Jambo la pili, ambalo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote, ni kwamba yidaki haipigwi peke yake. Katika manikay, yaani nyimbo za koo za Wayolŋu, kiongozi ni mwimbaji. Ndiye anayeshika bilma, vijiti viwili vya mti mgumu vinavyogonganishwa, na mapigo ya bilma ndiyo yanayoamua mwendo. Mpigaji wa yidaki, ambaye mara nyingi ni kijana kuliko mwimbaji, huketi karibu naye, mwisho wa chini wa bomba ukiwa ardhini au juu ya vidole vya mguu, na kazi yake ni kuusikiliza mwendo huo na kuujaza. Wimbo mmoja ni mfupi, mara nyingi dakika moja au mbili, kisha husimama, watu huzungumza, hucheka, na mwingine huanza. Mwishoni bilma na yidaki hunyamaza pamoja, na mwimbaji hubaki peke yake akimalizia kwa sauti tupu. Ile honi niliyoitaja haipulizwi kwa sababu mpigaji amejisikia kupuliza. Hukaa mahali pake ndani ya wimbo, na wachezaji huisikia na kujua wamefika wapi.

Sasa linganisha na unavyofanya mazoezi. Nadhani unafumba macho, unashika mvumo dakika 20 mfululizo, na unafurahi kwamba hukukatiza pumzi. Zoezi hilo halina ubaya kwa mapafu, ila halikupeleki Arnhem Land. Gawa mazoezi yako kuwa vipande vya dakika moja, kila kimoja kiwe na mwanzo, kati na kituo, na kituo kiwe safi: mvumo ukatike papo kwa papo pamoja na pigo la mwisho la kijiti, usififie kama gari linalokwenda zake. Utashangaa jinsi kusimama kulivyo kugumu kuliko kuendelea.

Na kabla ya kuligusa bomba, tumia mdomo mtupu. Wapigaji wa huko hujifunza mapigo kwa kuyatamka, kama mpiga dumbaki wa taarabu anavyojifunza kwa kusema dum na tak kabla ya kuigusa ngozi ya ngoma. Pigo la msingi ambalo mwanafunzi wa yidaki hufundishwa hutamkwa dith-dhu. Ukiyasoma maandishi hayo kwa Kiswahili utakosea mara moja, kwa kuwa dh ya Wayolŋu si dh ya dhahabu wala th yao si th ya thamani. Katika Kiswahili hewa hupita kwa kuchujika kati ya ulimi na meno. Kwao hewa husimama kabisa. Ulimi hubandikwa nyuma ya meno ya juu, si ncha peke yake bali na ubapa wake wa mbele, hewa ikajaa nyuma yake, kisha ulimi huachia kwa mkupuo. Mtu wa Mombasa aliyelelewa na Kimvita amepunguziwa kazi, maana lahaja yake inatofautisha t ya menoni na t ya ufizini, na ulimi wake unajua kwamba hizo ni nyumba mbili. Wewe wa Uvira itakubidi uutafute mkao huo mbele ya kioo. Lugha za Wayolŋu zina pia sauti zinazotamkwa kwa kuupinda ulimi nyuma kuelekea kaakaa, nazo huingia katika upigaji. Ndiyo maana wachunguzi husema kwamba upigaji huu hauwezi kutenganishwa na lugha ya mpigaji.

Tamka dith-dhu huku ukipiga paja kwa kiganja, taratibu, pigo moja kwa sekunde, mpaka mapigo hayategemei tena mawazo yako. Kisha nong'ona, yaani ondoa sauti ya koo ubakize ulimi na hewa tu. Kisha weka midomo katika mtetemo, bila bomba, useme yale yale. Hapo ndipo ulete mti. Ukifuata utaratibu huu utagundua kwamba mashavu yako, ambayo video zilikufundisha kuyajaza kama puto, yanataka kutulia. Kwa wapigaji wengi wa yidaki hewa husukumwa zaidi na ulimi na misuli ya tumbo, mashavu yakiwa yamekazwa, na pumzi inayoingia puani ni fupi, ya mara kwa mara, na ina mahali pake ndani ya pigo.

Hapo pana tofauti kubwa kati ya mwanafunzi wa video na mpigaji wa asili, nami nitakaa hapo kidogo. Mwanafunzi wa video hupuliza mpaka hewa ikaribie kwisha, ndipo avute pumzi popote ilipomkuta. Kila anapovuta, mvumo hutikisika, naye hujitahidi kulificha tikisiko. Mpigaji wa yidaki hafichi kitu. Kuvuta pumzi kwake ni sehemu ya pigo, na lile badiliko dogo la mvumo, kupanda kidogo na kukonda, linahesabiwa kama silabi. Wapiga zumari wa pwani yetu, ambao nao hupuliza bila kukatiza, wanalijua jambo hili kwa upande wao: pumzi iliyokaa vibaya huvunja mwendo hata kama sauti haikukatika. Kwa hiyo katika dith-dhu amua mapema kwamba pumzi itaingia mwishoni mwa dhu, kila mara ya pili au ya nne, na usiihamishe hata ukihisi una hewa ya kutosha. Baada ya wiki mbili au tatu mwili utaacha kubishana.

Sayansi imelithibitisha jambo la ulimi kwa namna yake. Mwaka 2005 wanafizikia wa Australia, wakiwamo Joe Wolfe na wenzake wa Chuo Kikuu cha New South Wales, walichapisha katika jarida la Nature vipimo walivyovichukua ndani ya mdomo wa mpigaji wakati anapiga. Walionyesha kwamba mdomo na koo huzuia baadhi ya sauti zisiingie katika bomba, na zile zinazobaki kati ya vizuizi ndizo tunazozisikia kama mkanda wa nguvu unaohamahama juu ya mvumo, kama irabu zinazobadilika. Ulimi ukiinuliwa karibu na kaakaa mkanda huo hujitokeza wazi, katika eneo la Hz 1,000 hadi 2,000 hivi, na wapigaji wazoefu huongeza nguvu yake kwa kuuacha mlango wa zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, ukiwa karibu kufungwa. Kwa lugha ya mazoezi, mvumo wako wa chini hautabadilika sana hata ufanye nini. Sanaa yote iko juu yake, na inaendeshwa na kiungo usichokiona. Ndiyo maana kujirekodi kwako ni lazima. Sikio la mpigaji liko upande usiofaa wa bomba, na mtetemo wa mifupa ya kichwa humdanganya.

Nikija kwenye vifaa: simu yako si adui, mradi uizuie kujifanya mwerevu. Programu za kawaida za kurekodi huwa na urekebishaji wa sauti wa kiotomatiki, unaoinua kilicho kidogo na kukandamiza kilicho kikubwa, na nyingi hukata sauti za chini kwa sababu zimetengenezwa kwa ajili ya maneno. Nina kovu langu katika jambo hili. Miaka mingi iliyopita nilirekodi kikao cha mpigaji mgeni katika semina, nikasahau kuzima urekebishaji huo. Kila kijiti kilipogonga, mashine ilishtuka na kuukandamiza mvumo kwa nusu sekunde, kisha ikauachia. Nyumbani nikasikiliza, nikafurahi, nikaandika kurasa 4 nikieleza jinsi mpigaji anavyoupisha mvumo kwa heshima kila bilma inapolia. Mwenzangu aliyekuwa amekaa safu ya pili alizisoma, akaniuliza kwa upole kama mashine yangu ilikuwa na afya. Kurasa zile bado ninazo.

Tumia rekoda au programu inayokuruhusu kuweka kiwango kwa mkono, urekodi katika faili la WAV, sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho wahifadhi wa sauti duniani hukipendekeza, na leo hakina gharama. Piga kwa nguvu zako zote, ongeza honi na vijiti, na uweke kiwango ili kilele cha juu kabisa kibaki desibeli 12 chini ya ukomo. Vijiti ndivyo vitakavyokutia hasara, maana mlio wao ni mfupi na mkali kuliko unavyouhisi. Maikrofoni ikae nusu mita hivi kutoka mwisho wa chini wa bomba, pembeni kidogo, isitazamane na tundu moja kwa moja. Ukiwa na maikrofoni ya pili, iweke karibu na shavu lako, uirekodi katika njia yake peke yake. Hiyo haitasikika vizuri, itakuwa na mikoromo ya pua na mate, lakini ndiyo itakayokuonyesha pumzi ziliingia wapi. Katika mazoezi ninaisikiliza ya shavuni kuliko ile nzuri.

Chumba nacho kitakuchezea. Mvumo wa Hz 68, ambao ni wa kawaida kwa bomba refu, una wimbi la mita 5 hivi, na kuta mbili zilizoachana kwa mita 2.5, yaani upana wa chumba cha kulala cha kawaida, hulitega wimbi hilo: ukiweka maikrofoni katikati mvumo hukonda hadi ukadhani umeumwa, ukiiweka kando ya ukuta hufura kama ngurumo. Sogeza maikrofoni mara tatu au nne ukijaribu kabla ya kuamua, au rekodi barazani asubuhi kabla magari hayajaanza. Usisahau kwamba jamii kadhaa za kaskazini zilikuwa zikiuweka mwisho wa bomba ndani ya kombe kubwa la baharini, kopo au ndoo ili sauti ikuzwe, na ukisikia kanda yenye mvumo wa kibati usifikiri lazima ni ubovu wa utepe. Kwa upande wa mago kuna tatizo jingine: mpigaji akishika mvumo wa Hz 68 na kuvuma kooni kwa Hz 102, masikio husikia ngurumo ya Hz 34, oktava nzima chini ya bomba, na spika za simu haziwezi kuitoa. Sikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni vilivyo vizuri.

Mwanzoni mwa kila rekodi tamka tarehe, mahali, bomba gani, pigo gani unajaribu na umelipata wapi. Hufanyi hivyo kwa ajili ya wengine. Baada ya miezi 6 utakuwa na mafaili 200 yanayofanana kama mayai.

Kulinganisha na kanda za zamani ni kazi nzuri lakini ina mitego. Rekodi muhimu ni nyingi: za msafara wa kisayansi wa Wamarekani na Waaustralia wa mwaka 1948, ambapo mtangazaji Colin Simpson wa ABC, shirika la utangazaji la Australia, alinasa sauti Arnhem Land, na za Alice Moyle, aliyezunguka eneo la kaskazini mwaka 1962 na 1963 na kutoa mfululizo wa sahani zinazoonyesha wazi tofauti za upigaji wa sehemu moja na nyingine. Nyingi zimo katika AIATSIS, taasisi ya utafiti wa wenyeji wa asili iliyoko Canberra, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo baadhi yake huzifungua kwa kila mtu na nyingine huzifunga kwa masharti ya wenyewe. Mtego wa kwanza ni mwendo wa utepe. Mashine za betri zilichoka, na kanda iliyonakiliwa kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 6 hupandisha kila kitu nusu toni nzima na kukufanya uwinde mwendo ambao hakuna binadamu aliyeupiga. Ikiwa kurekodi kulifanyika penye umeme wa gridi, tafuta mvumo mwembamba wa umeme chini ya sauti. Australia ni Hz 50, na ukiukuta kwenye 53 umeshamkamata mwizi. Mtego wa pili ni maikrofoni moja iliyoelekezwa kwa mwimbaji, ambayo humfanya mpigaji asikike laini kuliko alivyokuwa.

Ingiza kipande cha sekunde 10 katika programu kama Audacity au Sonic Visualiser, ambazo hazilipiwi, ufungue spektrogramu, yaani picha ya sauti ambamo muda huenda kulia na marefu ya sauti hupanda juu. Utaona mistari ya mlalo, ya mvumo na marudufu yake, na juu yake mawingu meusi yanayopanda na kushuka: hayo ndiyo ulimi. Weka picha yako chini ya ile ya mzee. Usitazame mistari, tazama mawingu yanaanza lini baada ya pigo la kijiti, na yanapanda kwa ghafla au kwa mteremko. Kisha punguza mwendo hadi nusu bila kubadilisha urefu wa sauti, uisikilize mara nyingi, na utamke kwa mdomo unachosikia kabla ya kugusa bomba. Ukishindwa kukitamka, hujakisikia bado.

Kuhusu ruhusa, nitakueleza ninavyolielewa. Nyimbo za Wayolŋu ni mali ya koo, na koo zimegawanyika katika nusu mbili za jamii, Dhuwa na Yirritja. Wimbo hubeba habari za mababu, nchi, maji na haki za watu juu ya ardhi hiyo, na mtu huurithi kwa baba huku ndugu wa upande wa mama wakiwa walinzi wake. Mapigo ya yidaki yaliyo ndani ya wimbo wa ukoo hayaelei hewani. Ni ya wimbo ule. Sisi wa pwani tusishangae. Siwa ya Lamu, ile pembe kubwa ya sherehe, haikupulizwa na kila aliyekuwa na pumzi. Ilikuwa na watu wake na siku zake. Wayolŋu wenyewe hutofautisha yaliyo wazi kwa umma, ambayo huitwa garma, na yale yasiyotoka nje, na mgeni hawezi kujua mpaka huo kwa kusikiliza tu. Sheria ya hakimiliki ya Australia humlinda mtunzi na aliyerekodi, lakini haina mahali pazuri pa kuuweka umiliki wa ukoo. Kesi ya John Bulun Bulun ya mwaka 1998, iliyohusu mchoro wake uliochapwa kwenye vitambaa bila idhini, ilikaribia kidogo: mahakama haikukubali kwamba ukoo unamiliki hakimiliki, ila ilisema kwamba msanii ana wajibu wa uaminifu kwa ukoo wake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mapigo ambayo wapigaji wa Kiyolŋu wenyewe wameyatoa kama mafunzo kwa wageni, jifunze bila hofu, na ukiyaweka hadharani taja umeyapata kwa nani na useme ni mazoezi. Mapigo uliyoyachota kutoka katika wimbo wa ukoo kwenye kanda ya zamani, yazoeze nyumbani, yabaki kwenye diski yako. Ulichotunga mwenyewe kwa kutumia ulimi uliofunzwa huko ni chako, ila usikiite cha asili. Na jihadhari na majina. Katika jamii nyingi za huko mtu akifariki, jina, picha na sauti yake huwekwa kando kwa muda, mpaka familia itakaporuhusu. Mji wako uliona maonyesho makubwa ya yidaki katika Makumbusho ya South Australia mwaka 2017, yaliyomhusu fundi na bingwa wa ukoo wa Gälpu ambaye aliwafundisha wageni wengi kutoka nje. Alifariki mwaka 2022, nami unaona sijaliandika jina lake.

Ukitaka chombo halisi na mtu wa kumwuliza, kuna kituo cha sanaa cha Buku-Larrnggay Mulka kule Yirrkala, zaidi ya kilomita 600 mashariki ya Darwin, kinachomilikiwa na wenyeji na kinachouza yidaki pamoja na jina la fundi wake. Maningrida na Beswick nako kuna vituo vya namna hiyo, na Beswick ndiko kwa kutafutia mago. Andika barua fupi, uliza swali moja, na usubiri. Mti ukifika, usiuache karibu na dirisha wakati wa kiangazi cha Adelaide, ambacho ni kikavu na kitaupasua. Mimina maji ndani yake kabla ya kupiga, uyatikise, uyamwage. Wapigaji wa huko hufanya hivyo, maji huziba nyufa ndogo na sauti huwa na uhai zaidi.

Kuhusu binti yako. Katika sherehe mpigaji ni mwanamume. Nje ya sherehe, sehemu kadhaa za kaskazini wanawake wamepuliza bila mtu kulalamika, lakini sehemu nyingine, hasa za kusini ambako chombo kilifika baadaye, wazee wengi hulikataa jambo hilo kwa uzito. Mwaka 2008 mchapishaji mmoja wa vitabu aliomba radhi hadharani baada ya kuweka mafunzo ya kupiga didgeridoo katika kitabu cha wasichana kilichouzwa Australia. Uliza wazee wa hapo mlipo kabla hujampa bomba. Wakati mkisubiri jibu, una kazi ya kumpa ambayo wewe mwenyewe unaihitaji kuliko yeye. Kata mpini wa ufagio vipande viwili, umpe avigonganishe, aanze anapotaka, aongeze mwendo anapotaka, na asimame bila kukuarifu. Wewe ukae chini karibu naye na bomba lako, umfuate.